Kamati ya Kupanda Bila Kushuka

Kaka yangu ni mwenyekiti wa klabu ya baiskeli. Klabu hiyo ilipata mwenyekiti, makamu wake, katibu, katibu msaidizi na msemaji kabla haijapata pampu. Pampu walikuja kuazima kwangu, na mpaka leo sijaiona. Mimi ni fundi baiskeli. Karakana yangu iko nyuma ya kiwanda cha magodoro, milango miwili ya mabati na benchi moja aliloniachia marehemu baba. Mtu akitaka kujua kazi yangu aje aiangalie mwenyewe, asiulize watu.

Wanachama ni watu wa ofisini, wenye heshima zao na vitambi vyao. Wana nguo za kubana zenye nembo mgongoni, glavu zisizo na vidole, na miwani inayowafanya wafanane na nzi. Mwaka juzi, mwezi wa pili, waliamua kufanya jambo kubwa: mzunguko wa kilomita mia moja na kumi na nane, kutoka mjini, kuvuka milima kwa mapito matatu, na kurudi mjini kwa upande wa pili siku hiyohiyo. Mapito hayo madereva wa malori waliyabatiza zamani. La kwanza ni Kata Pumzi, la pili Mgongo wa Punda, na la tatu, Mungu atunusuru, ni Kamuage Mama. Basi wakaanza kupanga. Wakapanga. Mvua zikanyesha zikaisha, wao wanapanga. Vikao kumi na tisa, na hakuna tairi hata moja lililokuwa limegusa mlima.

Sasa mimi, mtu wa kazi, nilikuwa natafuta nini kwenye vikao hivyo? Ngoja niwaambie, na nikipandisha sauti mnivumilie.

Miaka sita kabla ya vikao hivyo kaka alianguka kwenye mteremko wa machimbo ya kokoto. Alivunjika mtulinga na kupoteza meno mawili ya mbele. Jana yake nilikuwa nimemfungia breki mpya, mbele na nyuma, kwa mkono wangu huu. Nilipofika hospitali nikihema, nikakuta wodi nzima inanitazama, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani. Kaka alikuwa ameshasema. Maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Breki zilikataa."

Niliomba niione baiskeli. Wifi, mke wa kaka, akaniambia ameshampa mtu wa vyuma chakavu, eti kila akiiangalia ilimtia uchungu. Basi. Ndani ya wiki moja mji mzima ulikuwa na habari, na mimi nikapewa jina. Breki. Hata watu wazima waliopaswa kuwa na adabu: "Dada Breki, hujambo?" Wateja waliniletea pancha na minyororo, lakini breki walipeleka kwingine. Mama akasema yaishe, ni kaka yako, ashukuriwe Mungu yuko hai. Nikanyamaza.

Na kinachouma ni kwamba niliamini. Tangu siku hiyo kila waya nilioufunga niliuvuta mara saba, nikauacha, nikaurudia. Mikono ilianza kunitetemeka nikishika breki ya mtu. Nilikuwa nataka jambo moja tu duniani: kaka yangu ashuke mlima mbele ya macho ya watu, kwa baiskeli iliyopita mikononi mwangu, afike chini mzima. Jina langu lirudi. Kwa hiyo kamati iliponiita niwe "fundi mwalikwa", asiye na kura, nilifunga karakana Jumamosi mchana nikaenda.

Vikao vilifanyika kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa cha Daktari wa Meno, ambaye ndiye makamu mwenyekiti. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya picha kubwa ya gego lililooza. Katibu, mwalimu wa jiografia, alikuwa amechora mzunguko wote kwenye karatasi za grafu alizoziunga kwa gundi, urefu wa mita mbili, akazibandika ukutani mpaka mlangoni. Mtu akitaka kwenda msalani ilimbidi ainame apite chini ya Kata Pumzi.

"Ndugu wajumbe," kaka alianza. Kaka ni mkuu wa kitengo cha mipango idara ya maji, na hata nyumbani akiomba chumvi huanza na utangulizi. "Kamati ndogo ya miinuko imefanya kazi kubwa. Jumla ya kupanda ni mita elfu mbili mia sita na arobaini. Hilo halina tatizo. Wasiwasi wangu uko kwenye kushuka."

"Kushuka kuna nini, Mwenyekiti?" Daktari aliuliza.

"Kumezidi. Naona hapa kwenye jedwali, kushuka nako ni mita elfu mbili mia sita na arobaini. Naomba Katibu atafute njia ambayo kupanda kunabaki hivyohivyo, lakini kushuka kusizidi mia nne."

Nilimtazama Katibu nikijua atacheka. Jamani, Katibu aliandika! Mwalimu wa jiografia, mtu anayesahihisha mitihani ya watoto wa watu, aliandika kwenye daftari, kisha akasema, "Inawezekana, Mwenyekiti. Ni suala la kupata ramani bora zaidi."

Nikanyoosha mkono. Wakajadiliana kama fundi mwalikwa anaruhusiwa kuzungumza nje ya mambo ya kiufundi, wakaniruhusu kwa dakika mbili.

"Mnatoka hapa mlangoni kwa Daktari," nikasema, "na mnarudi hapahapa mlangoni kwa Daktari. Mlichopanda mtakishuka chote. Mpanda ngazi hushuka. La sivyo muhamie huko juu, tutakuwa tunawaletea chakula."

 Kisha msemaji, kijana wa bima, akasema huo ni mtazamo mmoja, na kwamba bado hawajajaribu kuuzungusha mzunguko kinyume. Wote wakachangamka. Kikao cha ishirini kilikuwa cha kuuzungusha kinyume. Katibu aliigeuza karatasi, akahesabu upya kwa kalamu nyekundu, jasho linamtoka. Kupanda, elfu mbili mia sita na arobaini. Kushuka, vilevile. Alionekana kama mtu aliyedhulumiwa na milima.

Kikao cha ishirini na moja ndicho kilichonifungua macho. Kaka aliingia na baiskeli mpya kabisa, akaisukuma mpaka katikati ya viti vya wagonjwa. Breki za diski, za mafuta, zimefungwa na duka kubwa la mjini lenye kiyoyozi, si na mdogo wake. Alizisifu nusu saa nzima. Zinasimamisha hata kwenye matope, alisema. Unabana kwa kidole kimoja. Mafundi wa duka wamezipima kwa mashine. Mimi nilikuwa nimekaa, nimeuma meno, kila sifa naisikia kama tusi.

"Basi, hongera," nikamwambia. "Kwa breki hizo tunashuka bila wasiwasi."

"Hapana," akasema haraka. "Kwa sababu za kiusalama napendekeza wajumbe wapande kwa baiskeli na washuke kwa pikapu. Tukifika juu tunapakia baiskeli, tunashushwa, tunaanza kupanda tena. Kwa hiyo tunakuwa tumekamilisha mapito yote matatu."

Walipiga makofi. Watu wazima, wenye vyeti ukutani, walipiga makofi! Daktari akasema ni ubunifu wa hali ya juu. Katibu akafuta mistari yote iliyoelekea chini, mchoro ukabaki na vilima vitatu visivyo na upande wa pili.

Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa namtazama kaka usoni. Mtu kiatu kikimbana hubadilisha kiatu. Akibadilisha na bado anachechemea, basi neno liko mguuni. Kama breki zangu ndizo zilizomwangusha, hizi za diski zingemponya hofu siku hiyohiyo. Yeye alikuwa na breki bora kuliko zote mjini na bado hakutaka kuona mteremko hata kwenye karatasi. Kaka hakuwa anaogopa breki. Alikuwa anajiogopa mwenyewe. Na mtu hawezi kujiogopa hivyo ila awe anajua alichokifanya.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka sita! Nilitaka kusimama palepale nimwage kila kitu. Lakini nilikuwa na fikra tu, sina ushahidi, na kwa watu wale fikra isiyo na jedwali ni sawa na upepo. Nikanyoosha mkono tena.

"Pikapu nitaendesha mimi," nikasema.

Ilipitishwa bila kupingwa.

Wiki mbili baadaye, Jumapili asubuhi, walianza saba, na mimi nyuma yao na pikapu ya shemeji yake Katibu, sanduku la spana kwenye kiti cha pembeni. Barabara ya Kata Pumzi ni ya lami nzuri, lakini imejipinda kuanzia chini mpaka juu, na upande mmoja ni ukuta wa mwamba na upande mwingine huoni kitu ila vilele vya miti. Msemaji alitapika kilomita ya nane. Daktari alisukuma baiskeli sehemu kubwa ya njia huku akinieleza dirishani kwamba kusukuma nako ni kupanda. Kaka alipanda. Simnyimi haki yake, kupanda anajua. Alitulia juu ya kiti, pumzi yake ya mpango, na katika ile saa na nusu nilimwona tena yule aliyenifundisha kuendesha uani kwetu, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti. Hilo nalo liliniongezea hasira.

Juu kuna uwanja wa malori kupumzika na kibao cha serikali kinachowaambia madereva wajaribu breki kabla ya kushuka. Wakafika mmoja mmoja, wakapiga picha kwenye kibao, kisha wakaanza kunikabidhi baiskeli nizipakie. Nikazipanga, nikazifunga kamba. Ilipofika zamu ya kaka nilishika usukani wake nikamwambia, "Wewe njoo huku kwanza."

Tulikwenda nyuma ya kibao. Upepo ulikuwa mkali, tukasimama karibukaribu kama watu wenye siri.

"Kaka. Siku ile machimboni, breki zilishika au hazikushika?"

"Mdogo wangu, hapa si mahali pa..."

"Zilishika?"

Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya fulana, akaivaa, akaivua tena. "Sikuzigusa," akasema.

"Mikono yako ilikuwa wapi?"

Akageuza uso kutazama barabara inayoteremka.

"Nimekuuliza, mikono ilikuwa wapi?"

"Hewani," akasema.

Akanieleza yote, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Wifi alikuwa amesimama kwenye kona na simu, anamchukua video. Kaka akaachia usukani, mikono yote miwili, akaitanua kama bingwa anayemaliza mashindano. Kukawa na kokoto moja barabarani. Ni hayo tu.

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa ile miaka, kwa kila waya nilioufunga mara saba, kwa kila "Dada Breki" niliyoiitikia.

"Ulishindwa nini kusema ukweli?"

"Ndiyo kwanza nilikuwa nimechaguliwa mwenyekiti. Watu wangenicheka." Akainamisha kichwa. "Na wewe ni ndugu yangu. Nilijua wewe utastahimili."

"Nenda kawaambie."

"Nitawaambia. Kikao kijacho nitaliingiza kwenye mengineyo."

Hee! Nilimshika ukosi wa ile fulana ya nembo, mwenyekiti mzima, mkuu wa kitengo, nikamwambia, "Sasa hivi. Kwa mdomo huohuo uliosemea hospitali."

Akaenda. Nampa na hilo pia: alikwenda kwa miguu yake. Alisimama mbele ya pikapu, akasema "Ndugu wajumbe" kwa mazoea, kisha akasema kwa maneno ya kawaida kwamba breki za mdogo wake hazikuwa na kosa lolote, kwamba aliachia mikono kwa ajili ya picha, kwamba alimsingizia.  Mimi nilisimama pembeni nikingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Labda mtu aseme "Loo!" Labda mtu anigeukie aseme "Pole, dada."

Daktari alitazama viatu vyake. Msemaji alianza kukagua tairi. Katibu akakohoa.

"Mwenyekiti, kwa faida ya kumbukumbu," akasema, "jambo hilo wajumbe walikuwa nalo."

"Walikuwa nalo vipi?" niliuliza mimi.

"Ile video. Shemeji, mke wa Mwenyekiti, aliituma kwenye kundi letu la simu siku ileile, nadhani hata kabla hajajua ukubwa wa jeraha. Alikuja kuifuta baadaye."

"Baadaye lini?"

"Kama baada ya saa mbili hivi."

Kundi hilo mimi sikuwemo. Ni la wanachama, mafundi hawaingizwi. Niliwatazama mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeniangalia usoni. Watu hawa ndio walionipigia simu waziwazi kuniambia wanahamisha breki zao. Watu hawa ndio walioniita Breki wakicheka, ilhali wameona kwa macho yao mikono ya kaka ikiwa hewani!

"Tuliona ni mambo ya familia," Daktari akasema kwa upole. "Hatukutaka kuingilia. Mimi mwenyewe nilimwekea yale meno mawili, na sikumuuliza."

 Nilipanda nyuma ya pikapu nikafungua kamba. Nikaishusha baiskeli ya Daktari, nikaisimamisha kwenye lami. Nikashusha ya Katibu, ya msemaji, zote, moja baada ya nyingine. Walifikiri nazipanga upya. Nilipomaliza nikaingia kwenye usukani nikawasha gari.

"Dada, vipi tena?" Katibu akaja mbio.

"Mnashuka wenyewe."

"Lakini ilishapitishwa!"

"Breki zenu nimezikagua jana, baiskeli sita, zenu zote isipokuwa ya mwenyekiti wenu. Zinashika. Mnajua kuwa zinashika, mnajua miaka sita sasa. Shukeni."

Hapo ikawa vurugu. Msemaji akasema ana mke na watoto wadogo. Daktari akakaa chini kabisa, kwenye lami. Katibu akatoa daftari, akasema hali hii inahitaji kikao cha dharura, akaanza kuhesabu wajumbe kwa kidole kuona kama akidi imetimia. Mimi nilikuwa nimeshaweka gia.

Kaka alikuja dirishani anasukuma baiskeli yake. Nikajua anakuja kuomba gari, na nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu, neno ambalo siwezi kuliandika hapa.

"Mdogo wangu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Daktari pale chini. "Niangalizie breki."

"Hizo zimefungwa na duka kubwa. Zimepimwa kwa mashine."

"Najua. Niangalizie wewe."

Nilikaa kidogo na gari linaunguruma. Kisha nikazima, nikachukua sanduku, nikashuka. Nilipiga goti mbele ya baiskeli yake na wajumbe wakiwa wamenizunguka. Nikazungusha gurudumu la mbele, nikabana, likasimama. Nikazungusha la nyuma. Diski ilikuwa inagusa upande mmoja, kidogo tu, jambo ambalo mashine yao haikuliona au hawakujali. Nikalegeza bolti mbili, nikaweka sawa, nikakaza. Mara moja. Sikurudia. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, na nilikuwa nimeshafunga sanduku ndipo nikatambua hilo.

Sijamsamehe, ieleweke. Na wifi naye zamu yake inakuja. Lakini kazi ni kazi.

"Ziko sawa," nikamwambia. "Bana kabla ya kona, si ndani ya kona. Na mikono..."

"Najua," akasema.

Akakaa kwenye kiti.  Akaondoa mguu ardhini, baiskeli ikaanza kwenda. Nyuma yetu Katibu alikuwa anapaza sauti kwamba kikao hakiwezi kufunguliwa, mwenyekiti ameshaondoka na makamu amekaa chini, na kwamba anaomba wajumbe wasitawanyike.

Nikawasha pikapu tupu, nikamfuata kaka taratibu. Kwenye kona ya kwanza breki zake zililia, mlio mrefu mpaka mwamba ukaujibu, na mimi nikashusha kioo chote ili nisikie vizuri.